Kofia Kumi na Nne

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Houston, Mkuu wa Karakana alinikabidhi vitu vitatu: funguo za basi dogo, kipaza sauti, na boksi la kofia za nyasi. "Kila abiria apewe kofia," akasema. "Jua la Texas halina adabu." Sikujua kwamba boksi lile lingekuja kunifunza kazi kuliko funguo.

Kazi yetu iliitwa matembezi ya siku moja. Asubuhi unawapeleka wageni kwenye shamba la wanyama, mchana wanapanda treni ya zamani ya mvuke, alasiri mnamalizia kwenye shamba la zabibu wakionja mvinyo. Ninyi mnaoingia kazi hii leo mna simu inayowafanyia kila kitu. Sisi tulikuwa na daftari la ukaguzi, tulilolijaza kabla ya kuwasha injini: matairi, breki, taa, mlango wa dharura. Tulikuwa pia na orodha ya abiria, karatasi yenye majina na viti vyao. Bila karatasi hiyo hutoki getini.

Kule kwa wanyama, twiga waliingiza vichwa dirishani kutafuta chakula, na wageni wakanigeukia mimi. "Wewe ni wa Kenya, bila shaka ulikua nao." Ukweli ni kwamba nilizaliwa Nyeri mjini, nyuma ya duka la viatu, na twiga wa kwanza kunilamba mkono alikuwa wa Texas. Mwanzoni nilisema hivyo. Nilipoona nyuso zinavyonywea, nikaanza kujibu, "Naam, tulikua pamoja." Mungu anisamehe. Mvinyo nao niliueleza miaka yote bila kuuonja, maana mimi ni mtu wa kanisa, na tena dereva. Nilikariri tu maneno ya mkulima: zungusha glasi, nusa, weka kidogo ulimini.

Mke wangu Wambui alikuwa muuguzi. Alipopata kazi Dallas niliomba uhamisho, nikapelekwa kituo cha Irving, kando ya Dallas, kwa matembezi yaleyale, chini ya Meneja wa Safari, Mmarekani mrefu asiyepandisha sauti. Mratibu, yaani anayepanga magari na madereva, alikuwa Furaha, mama Mkongomani wa Garland. Wambui alifanya zamu za usiku, mimi za mchana. Tuliachiana karatasi kwenye mlango wa friji. Nilizunguka na basi lililojaa watu, na bado nilikuwa mpweke pale mbele na kipaza sauti changu.

Sasa niwaambie kosa langu. Kwetu watu hawahesabiwi. Nyanya yangu alisema kumhesabu mtu ni kumwitia msiba, na hata wajukuu wake hakuwahi kuwataja kwa idadi. Mtu mzima mimi, nimeshavuka bahari, na bado kidole kilikataa kuwanyooshea abiria. Kwa hiyo nilihesabu kofia. Basi letu lilibeba abiria kumi na wanne; nikiona kofia kumi na nne kwenye kioo, naondoka. Hesabu inatimia, na nyanya hakasiriki.

Jumamosi moja alikuwepo Bi. Ruth, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyekuja peke yake na kuketi kiti cha nyuma kabisa. Hakuongea na mtu. Baada ya safari ya treni nilitazama kioo, kofia kumi na nne, nikang'oa nanga. Kule shambani mkulima alimimina glasi kumi na nne. Watu wakachukua, ikabaki moja mezani.

Nilikimbilia basini. Kofia ya Bi. Ruth ilikuwa imetundikwa juu ya kiti chake, na kiti kilikuwa kitupu. Niliwauliza waliokaa karibu naye, na hakuna aliyekumbuka kama alipanda au hakupanda. Nikampigia Furaha.

"Papa, usiogope," akasema. "Rudia ule mama sasa hivi. Mi nitaambia chef, ule Meneja."

Niliwaacha wageni na mvinyo wao, nikarudi dakika arobaini za barabara nikiomba kwa sauti. Kituo cha treni kilikuwa kimefungwa. Bi. Ruth alikuwa kwenye benchi, mkoba magotini, ametulia. Alikuwa ametundika kofia, akateremka kunawa mikono tu. Niliomba msamaha hadi maneno yakaniishia.

"Kuachwa nimezoea," akasema. "Nilichoogopa ni kwamba mngefika mjini, mkaagana, na asiwepo hata mmoja wa kujua kuna mtu amepungua."

Nilimketisha kiti cha mbele, karibu nami.

Jumatatu Meneja aliniita. "Ulihesabu?"

"Nilihesabu, bwana."

"Ulihesabu nini?"

Nikamweleza. Nikaona kazi imeota mbawa. "Kuanzia leo," akasema, "utamtazama kila mmoja usoni, umwite jina, na hutaondoka mpaka akuitikie." Bi. Ruth hakunishtaki, kazi ikabaki. Baadaye Furaha alipoacha meza ya uratibu na kuchukua leseni ya udereva, hilo ndilo jambo la kwanza nililomfundisha.

Wambui alifariki miaka miwili kabla sijastaafu na kurudisha funguo. Binti yangu yuko Plano. Wajukuu hunijibu kwa Kiingereza, wana haraka. Jumapili nina kanisa. Siku nyingine nina nyumba ya vyumba viwili Irving na ndege zinazopita juu ya paa. Ni aibu kwa mwanamume wa umri wangu kusema ana upweke, lakini ninao, nasema.

Ndipo nikaanza kwenda yale matembezi kama abiria. "Papa, tena?" Furaha hucheka. "Weye unajua ile njia kuliko mi." Siendi kwa ajili ya twiga. Naenda kwa sababu pale mlangoni anasoma jina langu, nami naitikia. Wiki nzima hakuna mwingine anayeliita.

Safari yangu ya mwisho nilifanya utoto. Treni iliporudi nilipanda basini, nikatundika kofia yangu juu ya kiti, nikateremka kimya kimya kwa mlango wa nyuma. Nikaenda kukaa kwenye lile benchi la Bi. Ruth. Nikasikia injini ikiwashwa. Nikakaa vilevile, mikono magotini.

Injini ikazimwa. Furaha akaja amekunja uso, orodha mkononi.

"Papa, kofia iko mu gari, weye uko huku. Mi sitembezake kofia. Batu banangoja!"

Nilitaka kudanganya kwamba nilisinzia. Nikasema, "Nilitaka kujua kama utaona nimepungua."

Alinitazama. Uso ukamlainika. Kisha akafungua ile orodha palepale, akasoma majina yangu polepole, yote matatu, kama vile hanioni.

"Nipo," nikaitikia.