Sauti Aliyoifuta Onesmo

Ukimkuta Onesmo wa Visiga leo, atakuambia kwamba diski ya zamani ya kompyuta, ile inayozunguka na kukoroma, ndiyo diski ya mtu mwenye akili. Wanaomfahamu hucheka. Miaka miwili tu iliyopita mtu huyu huyu aliziita diski hizo vyuma chakavu, na ukimpelekea mashine yenye diski hiyo alikupa pole kabla ya salamu. Wanasema ni kigeugeu. Si kigeugeu. Kuna kitu kilimpata, na hasimulii.

Ni karani wa masjala katika ofisi moja ya Kibaha, mtu wa Upareni, na kompyuta ndiyo ugonjwa wake. Chumba cha uani kimejaa mashine ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Simu za kisasa humchefua: betri imebandikwa kwa gundi, mfuniko haufunguki, eti mtu anunue kitu halafu asikimiliki. Yeye mwenyewe hutembea na kitochi, simu ndogo ya vitufe. Ila hasira yake kubwa ilikuwa kwa Windows. Mafundi wengine mashine ikichoka hupiga Windows upya na maisha yanaendelea. Onesmo alikuwa anafuta kila kitu na kuweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, bure, kisha anakukalisha nusu saa akikueleza ulivyookoka. Hata mchungaji wake alimwambia, "Wewe mwenzangu unahubiri kunishinda."

Ndipo Saburi alipofika kutoka Msimbu, kule Kisarawe, na laptop ya kaka yake, Mwalimu Abdulkadiri, aliyezikwa wiki mbili kabla.

"Shemeji anasema inakwenda taratibu mno," Saburi alisema. "Itengeneze apate kuitumia."

Onesmo aliiwasha. Kwenye skrini palikuwa na folda iliyoandikwa Zena. Alifungua faili moja ili ajaribu spika, sauti ya mwanamume ikasema maneno machache, akaifunga. Spika nzima. Kawaida yake ilikuwa kumuuliza mwenye mashine kabla ya kufuta, kitu kimoja kimoja: hiki unakitaka, hiki hukitaki? Akamuuliza Saburi.

"Mimi mambo hayo siyajui. Mwenyewe yuko eda."

Hapo akaacha kuuliza. Onesmo ni Msabato, lakini ameishi na Waislamu miaka kumi na tano, na anajua kwamba mjane akiwa eda hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hachanganyiki ovyo na wanaume wa nje. Mengine aliyajaza mwenyewe. Aliona kumpigia mjane wa watu, asiyemjua hata kwa sura, eti amuulize habari za mafaili, ni utovu wa adabu usio na mfano. Akanakili picha na nyaraka kwenye flashi. Folda ile akajisemea ni sauti za kutumiana kwenye simu, mke lazima anazo. Akafuta, akaweka Linux. Mashine ikawa inaruka, na siku ile alifurahi sana.

Eda ilipokwisha, Zena, yule mjane, alipiga simu mwenyewe. Alimshukuru, mashine ni nyepesi kweli.

"Ila kaka, ile folda yenye jina langu siioni. Umeiweka wapi?"

Onesmo akauliza ilikuwa na nini. Mumewe alikuwa akifundisha mbali, alisema, mahali pasipo na mtandao. Kila jioni alijirekodi kwenye laptop kana kwamba anaongea naye, na akirudi Ijumaa walikaa wakisikiliza wiki nzima. Zena mwenyewe simu yake kitochi, haihifadhi kitu. Hizo ndizo sauti pekee alizokuwa nazo.

"Nitatafuta, dada," Onesmo alisema, kwa kukosa ujasiri wa kusema lingine.

Saburi akairudisha mashine kwa Onesmo. Wiki tatu Onesmo alijaribu kila programu ya kufufua mafaili, asiambulie kitu. Diski ilikuwa ya kisasa, isiyozunguka, aina ile ile aliyokuwa akiipigia kampeni. Hizo ukishafuta, zenyewe hupita kimya zikisafisha kila kona. Ya zamani ingebakiza angalau kitu. Alilia, mtu mzima mbele ya skrini.

Hapo sauti ikaanza kumjia. Mchana kweupe masjala, akipanga majalada, aliyasikia maneno yale machache ya Mwalimu, na pumzi iliyoyatangulia. Akitaka kupima spika ya mashine yoyote, yanamuwahi. Aliogopa. Mtu wa mwisho kumsikia marehemu alikuwa yeye, na hakuwa akisikiliza.

Mwishowe akaenda Msimbu. Alimkuta Zena barazani akimenya mihogo na mama mkwe wake. Akasema yote, bila kupamba.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikuwa eda, dada. Niliogopa kukukosea heshima."

"Eda haikunikataza kusema ndiyo au hapana." Hakupandisha sauti. Kisu kilisimama kwenye muhogo. "Hukusikia hata moja?"

"Moja."

"Alisemaje?"

Onesmo akayarudia: "Zena, leo watoto wamenichosha, lakini nimepata mbegu za bamia, nakuja nazo."

Zena akafumba macho. "Hapo kwenye nakuja nazo, alisema haraka au taratibu?"

"Taratibu."

"Sema tena."

Akasema.

"Tena."

Akasema mara ya tatu, akijitahidi kuifuata kila pumzi, jasho likimtiririka shingoni. Mama mkwe aliinua pembe ya ushungi akajifuta uso. Zena akafumbua macho, akanyoosha mkono kumzuia.

"Basi, kaka. Nyamaza. Mpaka unafika hapa nilikuwa bado namsikia kichwani. Sasa nakusikia wewe."