Nyota Nilizomwekea Mama Mkubwa

Siku yangu ya kwanza katika idara ya isimu, mkuu wa idara alinikabidhi kinasa sauti, kanda na onyo.

"Sisi hatukusanyi hadithi," alisema. "Tunatafuta kanuni."

Nadharia yetu, sarufi zalishi, ilishikilia kwamba kila mtu amebeba kichwani kanuni chache zinazozaa sentensi zisizohesabika. Kazi yangu ilikuwa kumsomea mzungumzaji sentensi na kumwuliza kama inasemeka. Akikataa, naiwekea nyota, alama ya sentensi ambayo lugha haiwezi kuizaa. Nilizipenda mno nyota zile.

Nilitumwa kwetu Lushoto kuchunguza Kishambaa. Kwa uvivu wangu sikwenda mbali: nilimfuata mama mkubwa, dada wa mama yangu, akiwa anapukuchua maharage. Nikamsomea kwa Kishambaa: mtoto alimtuma baba yake sokoni.

"Wee! Haisemeki hiyo. Ngoja nikueleze, mwanangu. Mama yangu..."

"Inatosha, mama mkubwa." Nikazima kinasa, nisije nikamaliza kanda bure.

Mkwe kula sahani moja na mkwewe, nyota. Mke kumwita mume kwa jina, nyota. Mimi niliyelelewa nyumbani kwake sikushtuka. Msimamizi wangu, profesa mkali, alisoma sura nzima ya tasnifu yangu niliyoijenga juu ya nyota hizo akasema, "Safi. Ushahidi umekaa." Nikapandishwa cheo. Mama mkubwa alizikwa nikiwa chuoni nasahihisha mitihani.

Miaka mingi baadaye mwanafunzi mmoja Mshambaa kutoka Magoma alinyoosha mkono. "Samahani mwalimu, mbona sentensi hizi zote za nyota zinasemeka? Ni utovu wa adabu tu."

Niliona aibu sana. Nikamwambia tutalijadili siku nyingine, na hatukulijadili. Nikastaafu sura ile ikiwa bado inafundishwa.

Sasa nalima kabichi. Nadharia siilaumu, iliuliza swali zuri, ila mimi sikuwa na subira ya kusikiliza jibu. Juzi alikuja mjukuu wa mama mkubwa, binti ambaye hakuwahi kumwona bibi yake.

"Shikamoo mjomba. Nimeambiwa una sauti ya bibi."

Nikaweka kanda. *Ngoja nikueleze, mwanangu. Mama yangu...* Kisha sauti yangu ya ujana: *Inatosha, mama mkubwa.* Kikafuata kimya.

Binti akasogeza kiti karibu. "Irudishe nyuma, mjomba. Labda anaendelea."

Nikairudisha.