Samaki Wenye Ndevu wa Mwalimu

Wiki jana nilienda Kanyangi kuzika mtu wetu. Kwa vile mimi si mwanamke wa kukaa kwenye hema nikisikiliza hotuba, nilitembea mpaka shule niliyosomea. Kusoma nasema tu. Niliishia darasa la nne. Ploti zangu za Emali nilizipata kwa jasho, si kwa cheti. Nyumba ya mwalimu imebomolewa. Imebaki sakafu, na mbuzi wamelala juu yake.

Sijawahi kukuambia habari za huyo mwalimu. Alitoka upande wa ziwa. Kwetu enzi hizo samaki hakuliwa, watu walimwita nyoka wa maji. Yeye akaunganisha vioo vya madirisha kwa puti, akapata sanduku, akatia maji, changarawe na vipande vya chungu. Ndani aliweka samaki watatu wadogo wa mto Athi, wenye ndevu, na miiba mgongoni. Ukimshika mmoja, alilia kama mlango usiotiwa mafuta. Nje, ndani ya pipa, alifuga kambare mmoja mrefu, naye ana ndevu.

Mama alikuwa ameenda Mombasa kutafuta kazi, barua zikaisha. Nilikaa na nyanya, ambaye angeweza kupepeta ndengu kutwa nzima bila kusema neno. Kwa hiyo kila jioni nilichota maji kwenye mchanga wa mto mkavu wa pale kijijini, nikampelekea mwalimu debe moja kwa ajili ya samaki wake. Akilisikia tu likigonga mlango, alisema, "Karibu, injinia wa maji." Nilikaa sakafuni kando ya kioo, yeye akichemsha chai. Hakuna mwingine aliyekuwa akiningoja.

"Nenda," nyanya alisema. "Nyoka zake zikikuuma, huo mguu usiniletee hapa."

Likizo ya Desemba mwalimu alienda kwao, akaniachia ufunguo. "Wa kioo ni wa kioo, wa pipa ni wa pipa," akaniambia. Sikuuliza kwa nini.

Mvua ilikataa. Kisima cha mchangani kikawa kirefu, nikawa naingia mzima ndani na kibuyu. Nyanya akasema maji ni ya watu na mbuzi, sijui huyo kambare mwenye pipa lake ni bwana mkubwa gani. Nikaona samaki watakufa, na wakifa, ule mlango sitaingia tena.

Basi nikafikiri kama Mkamba. Mtu wa mbai yenu, wa ukoo wenu, akifika kwenu ana kiu, humuulizi maswali, analala. Na hawa wote wana ndevu. Nikamtoa kambare kwenye pipa nikamtia kiooni na wale wengine, maji kidogo yawatoshe wote. Nilirudi nyumbani nikijisifu.

Asubuhi wawili hawakuwepo. Wa tatu alikuwa amekwama mdomoni mwa kambare, miiba imesimama, haingii wala haitoki. Kufika jioni wote wawili wamekufa.

Mwalimu aliporudi nilimwambia kabla hajatua mfuko.

"Nani alikuambia hawa ni ndugu?"

"Wote wana ndevu, mwalimu."

Alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wake. "Ungeangalia mdomo, si ndevu. Anayeweza kumezwa hakai na wa kummeza, hata wafanane vipi."

Hakunipiga. Ningependa anipige, yaishe. Kesho yake nilipeleka debe kama kawaida. Alilipokea, akashukuru, akamimina kwenye sufuria. "Usijisumbue tena, mtoto wangu. Ya kupikia ninayo." Alikuwa anahurumia shingo yangu. Nilisimama pale na debe tupu, nikitafuta sababu nyingine ya kuingia. Sikupata. Muhula uliofuata akahamishwa.

Nyanya alishakufa. Mchanga wa ule mto umebebwa na malori, na mengine yalikuwa yangu, sikatai. Hapa kwangu nimechimba kisima cha mota, majirani wanakuja kuchota. Huwa nawaambia wakae kidogo, chai iko motoni. Wanasema asante mama, wanajaza mitungi, wanaenda.