Maji ya Chumvi Mdomoni

Enzi zetu pale Makole, mtaa wetu ukiwa bado wa vumbi, kila nyumba ilikuwa na neno lake la kumkemea mtoto aliyetoa tusi. Ukilisikia likipenya dirishani ulijua mama yupi amekasirika. Bibi yetu, aliyekuja kutoka Ihumwa na mfuko wake wa mlenda mkavu, alisema "kutukana," na kwake kutukana kulikuwa na mipaka mipana: hata kumwita mtu mzima jina lake bila kutanguliza mama au baba kulikuwemo. Mpangaji wetu wa Tanga alisema "kuporomosha," nasi tukaona mawe yakishuka mlimani. Mama Hadija, jirani yetu Mrangi wa Kondoa, alisema "kuvunja heshima," tena polepole, kana kwamba chungu kimedondoka na yeye ndiye atakayeokota vigae. Mama yangu alisema "kuchafua mdomo." Na mdomo ukichafuka, huoshwa.

Aliuosha kwa maji ya chumvi. Nakikumbuka kikombe kile cha bati, cha bluu, kilichobanduka rangi ukingoni, na chumvi ya mawe aliyoichota kwa mkono wa kulia na kuikoroga kwa kidole. Ulijaza mashavu, ukafunga mdomo, ukatembea hivyo hadi kwa mtu uliyemtukana. Hapo ndipo ulipotema, kando ya mlango wake, ukaomba radhi kwa mdomo msafi. Kumeza kulikuwa mwiko.

"Ukimeza, tusi limekuwa lako," mama alituambia. "Hutalitoa tena."

Basi mtoto mwenye mashavu yaliyovimba alijulikana mtaa mzima. Wenzako walikufuata nyuma wakikuchekesha ili maji yakutoke puani. Mzee Karim, Mhindi wetu wa duka la vitenge, ndiye pekee aliyekuonea huruma. Alijua huwezi kumwamkia, kwa hiyo aliinua tu mkono na kuitikia marahaba ya shikamoo ambayo hajapewa.

Nilipokuwa darasa la tatu, nilimtukana Hadija bombani. Alikuwa ameisogeza ndoo yangu nyuma ya yake, upepo wa Agosti unatupiga mchanga machoni, nami kwa hasira nikamtajia mama yake. Foleni nzima ikageuka. Mama hakunipiga. Alinijazia kikombe, akasimama mlangoni akinitazama hadi nilipokata kona.

Mama Hadija alikuwa anapepeta uwele uani. Alisubiri niteme, nimwombe radhi, kisha akanipa maji matamu nisukutue na karanga za kukaanga, zikiwa bado moto.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kimevunjika, tumeunga."

Jioni ile yeye na mama walikaa kwenye mkeka mmoja wakichambua mchicha, wakicheka jambo ambalo sisi watoto hatukuambiwa. Hadi leo sijui lilikuwa jambo gani.

Mwaka jana mama alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, na maneno yakaondoka. Jina langu liliondoka, chai ikaondoka, hata Mungu, ambaye alikuwa akimtaja kutwa nzima. Yalibaki matusi. Daktari alitueleza kwamba huwatokea wagonjwa wengine: maneno mengine yanafutika na hayo yanabaki, na mgonjwa hana uwezo wa kuchagua. Tulimsikiliza tukiangalia sakafu. Hatukuwa tumejua kwamba mama anayajua maneno yale.

Mama Hadija alikuja kumwona akiwa na uji kwenye chupa ya chai. Wanawake wa kanisani walikuwepo, chumba kimejaa. Mama alimwona rafiki yake wa miaka yote, uso ukamng'aa, akafungua mdomo, likatoka tusi la mama mzazi, lile lile langu la bombani. Mama Hadija aliiweka chupa mezani, akaurekebisha ushungi wake, akaondoka bila kuaga. Wiki mbili zikapita hajarudi. Kila asubuhi mama aligeuza shingo kuelekea mlangoni, akasubiri, na uji wangu akaukataa. Alikuwa anakonda machoni pangu.

Siku moja nikakitafuta kikombe cha bluu. Nilijaza mashavu, nikatoka.

Mtaa una lami sasa. Kwenye kijiwe cha bodaboda vijana walinisalimia, sikujibu, mmoja akasema huyu sista ama anaringa ama jino limemvimba. Kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao, wakiitana kwa matusi kama vile sisi tulivyoitana kwa majina. Kutukana wao hukuita "kumwaga radhi," na kweli wanamwaga, kama watu wasiowahi kupanga foleni ya maji. Mzee Karim alishafariki. Dukani kwake panauzwa makava ya simu, na mjukuu wake hakuinua kichwa.

Mama Hadija alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda. Aliyatazama mashavu yangu.

"Mama yako hajanivunjia heshima," akasema. "Nilikimbia nisilie mbele ya wale wageni. Halafu nikaona haya kurudi. Tema, mwanangu."

Nilitaka kutema. Niliinama kando ya mlango wake kama zamani, lakini kilio kikanitangulia. Nikameza.

Aliiona shingo yangu ikitikisika. Alichukua mtandio, tukaongozana.

Mama alipomwona alilitoa tena lile tusi, kwa sauti, huku machozi yakimtiririka hadi masikioni. Mama Hadija alikaa kitandani, akauweka mapajani mkono uliolala.

"Nimekuja, shoga yangu," akamwambia. "Nimekusikia."

Enzi zetu tulidhani mdomo msafi ni jambo la kukoroga kikombeni, dakika tano, halafu karanga. Leo yapo maneno mengi kuliko zamani na hakuna anayetembea hata hatua kumi kwenda kuyatema. Nami, kila ninapomlisha mama kwa kijiko, huutazama mkono ule wa kulia. Ningeuchafua mdomo wangu mbele ya mtaa mzima, mchana kweupe, kama ungeinuka mara moja tu kuchota chumvi.