Asali Kwenye Wavu wa Mjomba

Asali mbichi ikipashwa moto hunukia nta, maua na moshi, na msimu ule nyumba yetu ya Tabora ilinukia hivyo mpaka kwenye mashuka. Mama alikuwa akinunua masega kwa warina asali, anayakamua, anachuja asali kwa kitambaa na kuuza barazani. Sifa yake mjini ilikuwa usafi; hukuti mguu wa nyuki kwenye chupa yake. Ndipo mdogo wake, mjomba Salumu, alipokuja likizo kwa treni kutoka chuoni pwani, amebeba wavu wa kunasia vijiumbe vya baharini, vingine vidogo kuliko chembe ya chumvi. Ulikuwa mrefu, mdomoni pete ya chuma, mkiani kichupa, na kitambaa chake laini ajabu. Ulikuwa mali ya chuo, naye hakuthubutu kuuacha bwenini. Aliutundika ukutani, akatukataza watoto kuugusa.

Mama kila alipoutazama aliona chujio. Ijumaa, mjomba alipokwenda msikitini, aliushusha akamimina asali. Haikupita. Akaipasha zaidi, akakamua kwa mikono miwili, nta ikaziba kila tundu. Kwa kuchanganyikiwa akauchemsha ili nta itoke. Ulitoka umesinyaa na kujikunja kama utumbo. Mjomba alimkuta ameupakata, uso ameufunika kwa kanga.

"Nilitaka iwe safi tu, mdogo wangu."

"Basi, dada. Ulikuwa umeshachakaa huo."

Haukuwa umechakaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Chuoni alisema ameuharibu mwenyewe, wakamwondoa kwenye safari ya utafiti baharini aliyoisubiri kwa hamu.

Baadaye kisa kile tulikigeuza utani wa kila harusi. Tulicheka, na kila mara mama alipata sababu ya kwenda jikoni. Nikikumbuka kicheko changu naona haya kuliko siku ile. Siku hizi asali ya hapa wengi wanaichuja kwa mashine, lakini mama, mzee sasa, bado anatumia kitambaa chake.

Mwezi uliopita mjomba alikuja, mvi tupu, nasi tukaanza utani wetu. Mama akainamisha kichwa. Mjomba akatukatiza.

"Dada, asali ipo?"

"Ipo, lakini bado sijaichuja."

"Niletee hivyohivyo."

Nikainuka mimi kuileta jikoni. Akaila mbele yetu, na nta yake, na miguu ya nyuki, akalamba vidole. Mama alibaki amekaa pale pale, akimtazama.