Nilifuta Njia ya Maman mu Karte

Nimekosa, ndugu zangu. Sitajificha nyuma ya vita, hata kama ni vita ilinikata muguu kule Bunyakiri. Hii kosa niliifanya na kinywa changu mwenyewe, hapa Bagira, muchana kweupe.

Wanafunzi wawili wa université, kijana na mademoiselle, walifika ku avenue yetu. Walikuwa wanachora karte, ramani ya mutaa: vilema wanapita wapi, wanakwama wapi. Walitembea na sisi, mutu mumoja mumoja, wakiandika kila ngazi na kila mufereji. Tulisikia kama kuna mradi utafuata ile karte na kuweka vyuma vya kushikia.

Prezida wa chama chetu cha vilema, Papa Bahati (namutaja, akasirike akitaka!) alikuwa ametukusanya kabla wafike.

"Wazee musiwaingize. Kila nyumba iko na muzee! Vyuma vitaishia kwao, sisi tutabakia kutambaa."

Nikaitika. Aye! Nikaitika kwa nguvu!

Maman yangu alikuwa ameketi ku mulango. Macho yake ilikuwa karibu kuzimika, magoti inatetemeka. Aliposikia wanafunzi, akaamuka, akafunga kitambaa cha kichwa kama mutu wa kwenda safari.

"Mademoiselle, na mie nitakuonyesha njia yangu ya misa. Kule nyuma, ku ngazi za mawe. Pale ninashukaka na matako kama mutoto!"

Mademoiselle akacheka, akafungua karatasi.

Ndipo nikasema: "Maman, kaa. Wewe hauko kilema. Wewe uko muzee tu."

"Papa, kweli?" mademoiselle akaniuliza.

"Kweli. Andika njia yangu."

Maman akakaa. Akafungua kitambaa, akakikunja ku magoti. Na mie nikatembea mbele na magongo yangu, kifua wazi, kama chef! Haya gani hii!

Vyuma vilikuja. Viko ku njia yangu, toka mulango mpaka ku barabara. Ku ngazi za mawe hawakuweka hata kamba.

Siku moja ya dimanche, Maman akienda misa, mvua ilikuwa imenyesha. Alianguka pale pale, ku ngazi za mawe, akavunjika nyonga. Ni majirani walimubeba. Mie, na muguu moja, ningemubeba na nini?

Papa Bahati alikuja kumuona. "Ah, ndugu, ni uzee tu." Nilitaka kumupiga na gongo! Lakini ile neno ilikuwa yangu.

Na sasa mabega yangu imechoka na magongo. Mukono wa kuume hauinuke tena. Hii ni kilema ao ni uzee? Nani ataniambia?

Mademoiselle alisikia, akarudi na karte yake. Akainama ku kitanda: "Maman, niambie ile njia yako."

Maman akageukia ukuta. "Uliza mutoto wangu. Mie niko muzee tu."

Wewe unayesoma, wakifika kwako na makaratasi, na muzee wako akaanza kufunga kitambaa, muache atembee! Usimuambie akae. Wangu nilimuambia akae, na haamuki tena.