Siku Tulipomwombea Ng'ombe wa Rebeka

Rebeka Chepkirui Kigen wa Kapseret ni binti wa Kigen, yule aliyeng'oa visiki vya shamba zima kwa shoka mpaka mgongo wake ukakataa kunyooka. Ni mjukuu wa mzee aliyevuka mto Sosiani ukiwa umefurika, ndama shingoni, akafika ng'ambo akilalamika tu kwamba kofia imeloa. Ni mjane wa Stephen fundi, baba yake Kipyego, aliyepiga mabati ya kanisa letu bila kudai hata chai. Hao ndio watu wa Rebeka. Na yeye mwenyewe alifanya nini? Ngojeni, nakuja hapo. Nilikuwepo, na nilisoma mpaka darasa la saba wakati wasichana wenzangu walikuwa wanachunga mbuzi, kwa hivyo asitokee mtu wa kunisahihisha.

Rebeka alikuwa na ng'ombe wa gredi, mweusi kwa mweupe, jina lake Ester. Ester alitoa maziwa kama mfereji uliosahauliwa wazi, lakini alikuwa na tabia moja: hateremshi maziwa mpaka aimbiwe. Kila jioni ungemsikia Rebeka zizini akianza ule wimbo tunaofungulia ibada, sauti nyembamba kama ya mbu, na Ester anatulia, chuchu zinaanza kudondosha hata kabla ya kuguswa.

Lakini kuyaonja hayo maziwa? Wacha tu. Vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, vilipangwa nyuma ya mlango wa Rebeka kama wanakwaya, na paka wake walinenepa mpaka panya wakawa wanapita mbele yao bila haraka. Wewe mgeni ulipewa chai ya rangi. Kwetu huku, kumpa mgeni chai ya rangi ni kama kumwonyesha barabara.

"Ester amekauka," Rebeka anakwambia akikutazama machoni. "Tangu juzi."

Hiyo juzi yake ilimaliza mwaka.

Ng'ambo ya ua wake aliishi Wamucii, muuza mboga, asiye na ng'ombe. Binti yake Ciku alikuwa amejifungua mapacha, na alikuwa amekonda hivi kwamba kunyonyesha kulikuwa kunamshinda. Nesi akasema apikiwe uji wa maziwa kila siku. Wamucii akaja na jagi.

"Nisaidie kidogo tu, Mama Kipyego, mpaka msichana apate nguvu."

"Ningekupa, dada yangu, lakini Ester amekauka."

Wamucii akarudi na jagi lake, akapika uji wa maji.

Sasa, uongo ulikuwa ni mazoea ya Rebeka. Kosa lake lilikuwa kumwambia mwanamke wa maombi. Maana Alhamisi hiyo, kwa ushirika wa akina mama, Wamucii alisimama akasema, "Ndugu zangu, tumkumbuke dada yetu Rebeka. Ng'ombe wake amekauka, naye anakunywa chai ya rangi kama mimi." Rebeka mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ametuma salamu kwamba magoti yanamsumbua.

Mwenyekiti wetu ni Nabwire, mama wa kutoka Langas, na Nabwire haombei kitu kwa mbali.

"Mgonjwa anawekewa mikono," akasema. "Twende."

Tukaenda, ushirika mzima, na leso zetu. Tulimkuta Rebeka nje, ndoo mkononi. Akaificha nyuma ya sketi.

"Kwani kumetokea nini?"

"Tumekuja kumwona Ester."

"Amelala."

"Tutamwombea hivyo hivyo," Nabwire akasema, na huyo akaingia zizini.

Ester alikuwa amesimama, kiwele kimejaa mpaka kinang'aa. Nabwire hajawahi kufuga hata kuku. Akashika shavu. "Maskini! Oneni vile amefura!" Mimi niliona kiwele nikanyamaza. Nilitaka kujua haya maombi yatafika wapi.

"Tuanze na wimbo," Nabwire akasema.

"Wimbo hapana!" Rebeka aliruka, magoti yote mazima. "Tuombe kimya kimya. Ana presha."

"Ng'ombe?"

"Ya kuzaliwa nayo!"

Wapi. Nabwire alikuwa ameshaanza ule ule wa kufungulia ibada, tukamdakia kwa sauti zote nne. Ester akainua masikio. Kabla hatujamaliza ubeti wa kwanza, tone likaanguka, likafuatwa na lingine, kisha maziwa yakaanza kumwagika yenyewe pande zote.

"Haleluya!" Nabwire akapiga kelele mpaka kuku wakapanda paa. "Bwana ametenda! Rebeka, Jumapili utasimama utoe ushuhuda! Na askofu anakuja!"

Nikamtazama Rebeka. Alikuwa ameanza kutabasamu. Si alikuwa amepona? Uongo ulikuwa umefunikwa na muujiza, na angesimama mbele ya askofu na kitambaa kipya, mama ambaye Mungu anaponya hata ng'ombe wake. Alihitaji kunyamaza tu.

Ndipo Wamucii akapiga magoti hapo kwa mavi ya ng'ombe.

"Rebeka, nisamehe," akasema akilia. "Nilikuwazia vibaya. Nilidhani umeninyima."

Tabasamu likamtoka Rebeka. Halafu akashuka, na sketi yake nzuri, magoti kwa magoti na Wamucii.

"Inuka, Mama Ciku. Ulidhani sawa. Ester hajakauka hata siku moja. Kila jioni namwimbia Mungu hapa nikikamua, nawe unanisikia, na mtoto wako anakunywa uji wa maji. Mungu anirehemu. Na wewe, kama unaweza."

Ester akaendelea kucheua.

"Sasa," Nabwire akauliza pole pole, "ile haleluya yangu nimempa nani?"

Wamucii ndiye aliyecheka kwanza. Akamshika Rebeka mkono, wakainuana. Rebeka akamaliza kukamua mbele yetu sote, na ndoo akaibeba mwenyewe mpaka kwa Ciku. Jumapili alisimama mbele ya askofu akasema ukweli wote, hata wa paka. Kanisa lilicheka, naye akaliacha licheke.

Msidhani aligeuka malaika. Asubuhi ya kwanza alijaza jagi nusu, akafika kwa ua, akasema kwa sauti, "Yesu, nisaidie mkono huu," akarudi kuongeza. Nilimsikia. Lakini aliongeza, na ameendelea kuongeza. Ciku alipata nguvu, mapacha sasa wanaruka ua bila kuuliza mtu.

Mwaka huu magoti ya Rebeka yameisha kweli, na Sharon, mke wa Kipyego, ndiye anakamua. Juzi nilikuwa hapo, nakunywa chai nzito, Rebeka akamwita.

"Sharon, wale watu wamehamia ile nyumba ya mabati karibu na barabara, wana watoto?"

"Sijui, Mama. Hawajakuja kuuliza maziwa."

"Na usingoje waje. Chukua maziwa uende sasa hivi, upige hodi. Ukipewa kiti, kaa."

"Na wakiuliza ni ya nini?"

"Ya chai. Usiwahubirie. Uliza watoto wanaitwaje, urudi uniambie, niwataje kwa maombi. Na kutoka leo, mtu akihamia hapa, wa kwanza kugonga mlango wake ni wewe."